Sweta Saba, Zote za Kijivu

Mkwe hatukanwi. Nimelelewa hivyo, na ndicho kilichonifunga mdomo asubuhi ile nzima. Angekuwa mwanangu wa kumzaa ningempa neno likamwingia mpaka kwenye kucha. Lakini ni mume wa binti yangu, akitusalimu anainama, mimi ananiita baba. Sasa mtu kama huyo unamfanyaje?

Mke wangu anafuma sweta. Vidole vimeanza kukakamaa, ila ukimnyang'anya zile sindano ni kama umemnyang'anya pumzi. Basi ikatokea shule ya chekechea, iko mji wa pili huko, mwendo wa nusu siku, inataka sweta za watoto. Mwalimu mkuu alishapita kwetu, akaupenda ufumaji, akavipenda vifungo, hata kola akaisifia. Kilichobaki ni rangi tu. Mke wangu akakaa miezi miwili anafuma sweta saba za kuonyesha, zote pacha, ila hii ya chungwa, hii ya kijani, hii ya samawati, namna hiyo mpaka ya saba. Tukaambiwa picha ziingie kwenye simu ya mwalimu kabla ya saa sita, wazazi wako kwenye kikao, watachagua. Zisipofika wanachukua za kiwandani.

Mimi nilitaka kupiga na simu yangu, yaishe. Binti yangu akanisihi nimwachie mumewe, eti hiyo ndiyo fani yake, nikimruka nitamvunja moyo. Nikasema haya.

Akaja saa tatu na mabegi matatu. Nikadhani anahamia. Begi moja lenzi tupu, kila lenzi imeviringishwa kwenye kitambaa chake kama kichanga. Akanionyesha moja akasema hii ina tabia. Nikamuuliza tabia gani, njema au mbaya. Akanitazama kwa huruma. Simu yangu ilikuwa mezani, akaisogeza kwa kidole kimoja, vile unavyosogeza mende aliyekufa, akaweka kamera.

Tukazianika sweta kwenye kamba uani. Yeye akaketi. Nusu saa, ameketi. Nikamuuliza, kwa adabu kabisa, tunasubiri nini.

"Mwanga haujakomaa, baba."

Nikalitazama jua. Lilikuwa lile lile la jana. Ndizi nilijua hukomaa, mwanga ndiyo kwanza nasikia.

Ulipokomaa, akalala kifudifudi kwenye vumbi na shati lake jeupe. Akapiga. Akahama, akapiga kivuli. Akapiga kibanio cha nguo kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyopigwa picha maisha yangu yote. Mke wangu akaninong'oneza, huyu anapiga sweta au anapiga kamba? Nikamwambia akamuulize, kwani si mkwe wake? Akanijibu, ni wako pia. Wanasema haraka haraka haina baraka, lakini aliyesema hakuwa na kikao cha wazazi saa sita.

Saa tano na nusu akazituma, kwa mwalimu na kwangu. Haikupita dakika tano mwalimu mkuu akapiga simu, sauti ya chini, ya upole.

"Mzee, poleni sana. Nani amefariki?"

Nikazifungua zile picha. Sweta saba, zote za kijivu. Kijivu hiki, kijivu kile, na moja ilikuwa kivuli kitupu, sweta yenyewe haimo. Nikamwomba mkwe azirudishie rangi basi, muda unakwisha.

"Hii kamera haina rangi, baba. Imetengenezwa isione rangi. Ndiyo maana ni ghali kuliko zenye rangi."

Hapo nilikaa chini. Ni kama mtu kuuziwa kuku asiye na mapaja kwa bei ya kuku wawili, halafu anakuja kuringa naye.

"Rangi ni kelele," akaendelea. "Ukiiondoa, unabaki na ukweli wa sweta."

"Mwanangu," nikamwambia, "sweta haina ukweli. Ina mikono miwili."

Ndilo neno kali nililolitoa siku ile, na bado linanisuta.

Nikachukua simu yangu, nikapiga mwenyewe. Mikono ya uzee inatetemeka, zikatoka kama nimepiga nikiwa juu ya trekta. Mke wangu akajaribu, kidole kikagoma kujikunja, akajipiga picha ya jicho. Saa sita kasoro dakika kumi. Nikamwona anaanza kuzianua sweta moja moja, anazikunja polepole, uso umeshuka. Halafu akasimama. Akaichukua ile simu, akamfuata mkwe wake, ambaye tangu amwoe binti yetu yeye hajawahi hata kumtuma maji.

"Baba, mimi nimefuma miezi miwili. Shika hii."

Yule bwana akayatazama mabegi yake kama anayaomba ruhusa. Akaishika. Akatandika mkeka kivulini, akazilaza sweta, akakifuta kioo cha simu kwa kile kitambaa cha lenzi. Akabonyeza mara saba. Mkono wake haukutikisika hata kidogo, na hilo lazima niliseme, kijana ana mkono. Ya chungwa ikatoka ya chungwa, ya kijani ikatoka ya kijani. Nikatuma saa sita kasoro dakika tatu.

Tukaizunguka simu wote watatu. Ikalia. Wazazi wamechukua ya chungwa, sweta arobaini, na wanaomba aliyepiga picha aje awapige watoto wakishazivaa.

Mke wangu alikuwa ameshavuta kigoda na anatafuta ncha ya uzi wa chungwa. Mkwe akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kuwa wenzake wakisikia amepiga kwa simu hatakuwa na pa kuuweka uso. Wakiuliza ni nani, tuseme nini?

"Waambie simu ilijipiga yenyewe," mke wangu akasema, bila kuinua macho. "Wewe njoo unishikie huu uzi."

Akaja, akakaa, akanyoosha mikono.