Bodi Juu ya Bati

...na bado anangoja, namsikia Zuhurah akipumua kwenye simu kule ofisini Ruharo, mjini Mbarara, mkuu wa mradi wetu, ameuliza mara mbili na mara mbili nimemwambia mtandao unakatika, haukatiki, namsikia hata Swalik nyuma yake akicheka... kifurushi cha programu cha Swalik kimepita, majaribio yote mia mbili na kumi na manne, hapa kwenye bodi yangu ya kompyuta, na mwenye bodi halisi ni mimi peke yangu, kwa hiyo nikisema kimekataa, kimekataa, na Jumatatu maktaba za shule thelathini za kambi yetu ya Nakivale zitawekewa cha kwangu, nilichokijenga humu humu, kwenye kompyuta ndogo kama kadi ya mgao, kwa muda wa saa tisa, betri ya sola ikazima mara mbili nikaanza upya, na Swalik ofisini Mbarara ana kompyuta kubwa inayojifanya bodi, inaigiza tu, dakika arobaini amemaliza, Zuhurah akamwita fundi mbele ya watu, mimi ananiita sebo, bwana tu, kama mpita njia... "Muulize kama imeiva," Swalik anasema, anataka nisikie, "bodi yake inapika programu kama maharagwe," na Zuhurah amecheka, kidogo, lakini amecheka... nani alimfundisha Swalik kwamba chipu hizi za zamani hazielewi maagizo mapya, ni mimi, mwaka jana, akaandika kwenye daftari, ndiyo maana kimepita, kimepita kwa maneno yangu, kilipita asubuhi, nikarudia kikapita, nikaitoa bodi nje nikaiweka juu ya bati la banda la kuku, juani, maana ikipata moto huchanganyikiwa na kazi hufa katikati, na kimepita tena, sasa nimeishika inaniunguza... mke wangu Eugénie anapita na beseni la nguo, "Baba Prince, kile kitu kinanuka, muliiacha ku jua kali?" natikisa kichwa kwamba ndiyo, "Juzi mulinikatazaka hata kuweka sufuria pembeni yake," anaanika... kitenge chake ndicho kilichoifunika miaka minne, usiku ule paa lilipovuja mwanetu Prince alilowa hadi shingoni na bodi ikabaki kavu, mama yake aliona, na leo nimeiweka mwenyewe juu ya bati ife, mradi ife na kazi ya Swalik ndani yake...

"Sebo? Uko? Wewe sema tu, imekubali ama imekataa?" na nyuma yake kimya, Swalik hacheki tena, hata kiti chake hakilii, anasikiliza, kumbe naye anangoja, kama ninavyongoja mimi kila nikituma kazi yangu Mbarara, sikuwahi kumfikiria hivyo, mwaka mzima nimemwona akicheka tu... imekubali, nitasema imekubali, vidole vinauma, siiweki chini, Zuhurah anapumua, Eugénie anakung'uta shati, imekubali, sauti tu ndiyo bado haijatoka...