Mkono Mmoja wa Shati

Mkasi ulimponyoka fundi cherehani kwa mara ya tatu asubuhi ile, ukalia sakafuni. Mumewe alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Alimwona mkewe akiufuata mkasi kwa macho, bila kuinama, kama mtu anayetazama kitu kilichotumbukia kisimani.

Mume huyu mtaa mzima ulimwita Kocha. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa akifundisha watu kunyanyua vyuma katika ukumbi wa mazoezi nyuma ya soko, na kazi yake aliijua barabara. Mgeni humtosha raundi chache kwa wiki. Mwili hushtuka, ukajenga. Akishazoea huongezewa, ingawa kila nyongeza huzaa faida ndogo kuliko iliyotangulia, na asiyepumzika hubomoa alichokijenga. Mabega yake mwenyewe yalikuwa mapana hata hakuna shati la dukani lililomwenea. Yote aliyovaa alishonewa na mkewe, ambaye kila mwaka alimzungushia tepu na kumtania, "Ukiongeza inchi nyingine, mume wangu, nitakushonea turubai."

Hospitalini daktari aliwaambia pasipo kuzunguka. Mishipa ya fahamu inayoiamrisha misuli ilikuwa ikifa, polepole, na dawa ya kuifufua haikuwapo. Mke aliinamisha kichwa. Kocha alisikia jambo moja tu: misuli imelegea. Na misuli iliyolegea ndiyo iliyokuwa riziki yake.

"Tutaanza na kilo moja," alimwambia walipofika nyumbani. "Raundi mbili, siku mbili kwa wiki. Nimewatoa watu mbali kuliko hapo."

"Haya, Kocha. Ila usinipulizie filimbi."

Mwezi wa kwanza mambo yalielekea kutengemaa, au Kocha aliyaona hivyo kwa kuwa alitaka kuyaona. Wa pili, mkono ukaanza kutetemeka kwenye raundi ya kwanza. Akaongeza zikawa nne. Mkono ukazidi kulegea, akaongeza zikawa sita, kila siku ya Mungu. Mapumziko aliyowahubiria wanafunzi wake wote akayasahau. Mfa maji hushika hata povu. Alikuwa akipiga magoti mbele ya kiti cha mkewe, akihesabu kwa sauti ya furaha, "Saba! Nane! Bado mbili, bibie!" naye mke akiuma mdomo, akinyanyua.

Katika chumba cha pili, juu ya cherehani, lilikuwepo shati la buluu ambalo mke alikuwa akimshonea. Kola ilikuwa tayari, na mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado kitambaa kilichokatwa. Kila alipoketi kuushona, vidole vilikuwa vimekwisha nguvu.

Siku aliyoanguka mlangoni mwa bafu, Kocha alimbeba mpaka hospitali. Mtaalamu wa viungo, mama mfupi mwenye sauti ya upole, aliuliza anafanya mazoezi kiasi gani. Kocha alieleza yote, raundi kwa raundi. Yule mama akaweka kalamu mezani.

"Baba, mzigo unaomjenga mzima humchosha huyu, na akichoka hajengi tena. Alihitaji kidogo sana, na kupumzika kwingi."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyem..."

"Ugonjwa ungefika tu. Ungefika lini, hilo hakuna ajuaye."

Alisema hivyo kumfariji. Lakini neno "lini" lilimkaa Kocha kifuani kama mwiba wa samaki. Wiki mbili? Miezi mitatu? Mtu aliyepima kila kitu maishani mwake hakuwa na mizani ya kupimia hilo.

Nyumbani alimlaza mkewe, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mbona hukuniambia unaumia?"

"Ulikuwa unahesabu kwa raha," akasema. "Tangu tulipotoka kwa daktari, ni wakati ule tu nilikuona una uso wako. Mimi nilijua, kila nikiamka, kwamba nina nguvu za kibaba kimoja. Ama nishone, ama nikupe wewe."

"Si ungeshona, mke wangu. Mimi ningepona tu."

"Usingepona."

Kocha alijifunika uso kwa viganja, na mabega yale mapana yakatikisika hata kitanda kikalia. Mkewe hakuweza kunyoosha mkono kumgusa. Alimtazama tu mpaka alipomaliza.

Wakaishi hivyo, bila vyuma na bila hesabu. Kocha alimlisha, akamsuka nywele vibaya, akachekwa. Mikono ya mke ikawa juu ya mto, mikondefu, kama imewekwa pale na mtu mwingine.

Adhuhuri moja, jua likiwa dirishani, mke akamwambia, "Nipe mkono wako." Kocha akakiingiza kiganja chake kizito chini ya cha mkewe. Mke akafumba macho, akakunja uso, jasho likamtoka juu ya mdomo. Akafumbua.

"Nimekubana. Umesikia?"

Kocha hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu uzito alioshindwa kuunyanyua, hata mtoto, hata tajiri. Alivitazama vile vidole vilivyotulia juu ya vyake. Kulikuwa na joto. Labda kulikuwa na kitu kingine.

"Umenibana kweli," akasema. "Pumzika sasa."