Karanga Katika Boksi la Tarumbeta

Wewe mama unayetuma mzigo kwa basi, weka hiyo selotepu chini kwanza, usome. Mimi nilifunga boksi kwa mikono yangu hii, nikalifunga vizuri hasa, na nusura nimharibie mwanangu siku aliyoingoja miaka minne.

Mwanangu Recheli anapiga tarumbeta kwenye bendi ya vijana ya kanisa letu la Moravian hapa Tabora. Siyo yale madogo ya kushika mkono mmoja. Lake ni lile kubwa la kupakata kama mtoto, tundu la mbele pana kama beseni, na bendi nzima ina moja tu. Mwaka huu bendi zilikutana Dodoma, na Recheli ndiye aliyechaguliwa kufungua maandamano Jumapili asubuhi. Anapiga peke yake, watu wote kimya, halafu ndipo bendi nyingine zinaingia. Kwetu msichana hajawahi kupewa nafasi hiyo.

Basi wiki ileile kitufe kimoja cha tarumbeta kikagoma. Likapelekwa kwa fundi Mahona, na bendi ikaondoka Alhamisi bila hilo tarumbeta. Mwalimu Kornel wa bendi alisema mbele ya wote, "Recheli, Jumamosi saa kumi na mbili jioni nataka kulisikia. Nisipolisikia, Godbless atafungua kwa lake dogo."

Godbless akamgeukia mwanangu. "Mimi niko tayari hata sasa hivi, dada. Wewe kaombee basi lisipate pancha."

Ijumaa alasiri Mahona akanipigia. "Mama Recheli, njoo usikie!" Nikafika mbio. Akalipuliza, kuku wa jirani wakaruka ukuta! Akachomoa kipulizio, kile kikombe kidogo cha chuma kinachowekwa midomoni, akanipa mkononi.

"Hiki ukifunge na uzi kwenye tarumbeta lenyewe," akasema. "Na pembeni ujaze matambara, lisicheze ndani ya boksi."

"Nimesikia, fundi."

Nilisikia, ndiyo. Ila nilipofika nyumbani nikalitia tarumbeta kwenye boksi la televisheni, nikaona nafasi imebaki kila upande. Sasa niambie ukweli wewe mama, ungemtumia mtoto wako boksi la matambara? Wenzake wakifungua waseme kwao hakuna chakula? Nikashindilia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, upande mmoja. Upande mwingine nikajaza karanga mpya za maganda kutoka shamba letu la Kigwa. Hata ndani ya lile tundu pana nikasukuma mfuko mzima wa karanga.

Mume wangu Zablon alikuwa amesimama mlangoni. "Mke wangu, unatuma tarumbeta au unatuma mahari?"

"Wewe nishikie boksi hapo."

Kipulizio kikabaki mkononi mwangu, nikaanza kuogopa. Kitu kidogo hivi, kinang'aa, boksi likifunguliwa njiani je? Nikafungua ule mfuko wa karanga, nikakizamisha katikati, nikaufunga tena. Mwizi anatafuta simu, hatafuti karanga. Nikajiona nina akili kuliko Mahona.

Asubuhi nikawa wa kwanza kwenye ofisi ya mizigo. Binti anayepokea mizigo pale anaitwa Najiat.

"Shikamoo mama yangu."

"Marahaba mwanangu."

"Ndani kuna nini?"

"Nguo," nikasema. Ni hofu ileile ya wezi.

Akalitikisa kidogo. Kra-kra-kra. "Mbona nguo zako zinaongea, mama?" Wapakiaji wakacheka mpaka mmoja akakaa juu ya gunia. Najiat hakucheka. "Nikiandika nguo, hili linakwenda chini kabisa, juu yake wanapanga mchele. Nikiandika kitu cha kubonyea, linakaa juu na konda namwambia. Mwizi hasomi maandishi ya boksi, mama yangu. Anayesoma ni mpakiaji."

"Ni tarumbeta," nikasema.

Akachukua kalamu nene nyekundu, akaandika pande zote: TARUMBETA, LISILALIWE. Akaweka namba ya Recheli na yangu. Akazungusha selotepu kwenye kila mshono, na chini mara mbili, kwa kuwa chini ndiko boksi linakopasukia.

"Kuna kitu kingine mpokeaji anatakiwa akijue?"

"Hakuna," nikajibu. Mama mwenzangu, hapo ndipo nilipokosea.

Basi likaondoka. Nikawa nalifuata kwa moyo, sasa liko Kigwa, sasa limepita Tura. Bibi yangu alikuwa akisimulia wapagazi wa zamani waliopita njia hizi na mizigo kichwani, miezi na miezi hadi pwani. Lakini kila mpagazi alijua kichwani pake kuna nini. Mzigo wangu mimi ulikwenda na siri.

Saa nane simu ikalia. "Mama! Limefika! Halina hata mbonyeo mmoja!" Nikapiga vigelegele peke yangu uani, jirani akachungulia juu ya ukuta akidhani mtu amejifungua. Nikamwambia Recheli apige sana, amshukuru Mungu, awagawie wenzake karanga. Kwa furaha ile sikukumbuka kumwambia kuhusu kipulizio. Karanga nilizikumbuka!

Saa kumi na moja akapiga tena. Sauti siyo ileile.

"Mama, kipulizio kiko wapi? Nimetoka kwenye mazoezi ya kutembea, nataka kulipangusa, sikioni."

"Kwenye karanga."

"Karanga zipi?"

"Za ule mfuko uliokuwa ndani ya tundu. Nilikificha katikati."

Akapiga yowe, "Mama! Ule mfuko nimempa dada Koleta jikoni, azichemshe!"

Hakukata simu. Nikasikia viatu vinakimbia kwenye kokoto, mlango, masufuria, na sauti ya mwanamke: "Toka na hivyo viatu jikoni kwangu!"

"Dada Koleta, zima moto!"

"Nizime moto watu mia wale nini? Wali nao uchemke kwa maombi?"

"Tarumbeta langu limo kwenye sufuria!"

"We mtoto umelewa?"

Zablon akaja, nikaiweka simu kwenye spika. Tukasikia karanga zinamwagwa kwenye sinia, vidole vinapekua. Hakimo. Wakapekua tena. Koleta naye akaanza kuhangaika. "Nimeshapakua beseni moja. Limekwenda kwa vijana, kule nje." Viatu vikakimbia tena. Saa kumi na moja na nusu! Mimi nimeshika kichwa, namwambia Mungu makosa ni yangu, mtoto hajafanya kitu.

Ndipo nikasikia sauti ya kiume ikilalamika, "Jamani, karanga za Tabora ngumu hivi? Hii imetaka kuning'oa jino!"

Ni Godbless. Kati ya vijana wote waliozunguka lile beseni, kipulizio kimeingia mkononi mwa Godbless!

"Recheli," akasema polepole, "hiki ndicho unachotafuta?"

"Ndicho."

"Nikikitia mfukoni, kesho nafungua mimi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Zablon alinishika bega.

"Kitie basi," mwanangu akajibu.

"Wapi! Mama yako amekipika, mimi nimekitafuna. Baada ya hapo nani mwingine atakitaka? Chukua, nenda, mwalimu anaangalia saa."

Recheli akakimbia nacho hadi kwa mwalimu, akakitia kwenye tarumbeta, akapuliza kabla ya saa kumi na mbili, nasi tukisikia. Mara ya kwanza ikatoka hewa tupu. Mara ya pili kitu kikaruka, ganda la karanga, na sauti ikafunguka nene mpaka simu yetu ikakwaruza.

Jumapili asubuhi tukaiweka simu juu ya stuli uani, majirani wamezunguka. Recheli akapiga peke yake. Hakukosea hata mahali pamoja. Zablon akavua kofia, akasimama wima kana kwamba bendi inapita mbele yetu, na mimi nikalia nikicheka.

Kwa hiyo wewe mama, nakuomba. Sema ukweli kilichomo. Kidogo kifunge na uzi kwenye kikubwa. Na chochote ulichokificha, mwambie mtoto kabla hujapiga vigelegele.

Jioni Recheli akapiga mara ya mwisho. "Mama, dada Koleta anauliza utatuma lini karanga nyingine."

"Mwambie wiki ijayo," nikasema. "Ila safari hii zitapanda basi zenyewe tu."