Kichwa cha Ng'ombe kwa Wageni wa Nasambu

Haya niliambiwa na Nasambu mwenyewe, mtoto wa binti yangu, Jumamosi iliyopita mchana, hapa kwangu Kiplombe, tukichambua maharagwe. Alikuja bila kupiga simu. Nikajua kuna neno.

Nasambu ni daktari, lakini si wa kutibu. Alisoma Ujerumani miaka mingi mpaka nikadhani ameolewa huko. Kazi yake ni kuangalia vitu vinavyotembea ndani ya mwili. Aliponieleza mara ya kwanza nilicheka. Alisema mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo kuliko vumbi, na ndani ya kila seli kuna protini zinazobeba mizigo zikitembea juu ya kamba.

"Zina miguu?" nikamuuliza.

"Miwili, kukhu," akasema, maana hivyo ndivyo kwetu bibi anavyoitwa.

"Na zikichoka?"

"Mtu anaanza kugonjeka. Mikono inatetemeka, anasahau hata watoto wake. Mimi nataka kujua ni nini kinaziangusha."

Kuziona kunataka darubini moja kubwa, karibu ijaze chumba. Yake aliazimwa na shirika la ng'ambo, na wiki hiyo wakubwa wa shirika walikuwa wanakuja kuangalia kazi. Wakiona protini zinatembea, darubini inabaki. Wasipoona, wanaibeba, na hakuna nyingine kama hiyo huku kwetu. Kazi yake yote ilikuwa hapo.

Sasa zile kamba anazitoa kwenye ubongo wa ng'ombe. Lazima ng'ombe awe amechinjwa saa hiyo hiyo, na ubongo uingie kwenye barafu. Ukipata joto, kamba zimekufa, na kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana kila mara alikuwa anaenda kichinjioni mwenyewe, na gambuti zake miguuni, anasimama hapo mchinjaji, Javan, akipasua kichwa.

Javan ni mtu wa heshima, kwao ni Webuye. Hiyo kazi ilikuwa inamtia aibu. "Mwalimu mzima," alikuwa anamwambia, maana kwake kila msomi ni mwalimu, "unangojea kichwa na manyoya yake kama umekiiba! Watu watasema mimi sikufunzwa kwetu."

"Wacha waseme, Javan. Pasua tu."

Jumatano hiyo hakuweza kwenda. Wageni walikuwa wanafika na ndege ya asubuhi na yeye ndiye wa kuwapokea. Akapiga simu. "Javan, leo nina wageni wakubwa. Usiniangushe. Niletee ule ubongo kwenye barafu, mapema."

"Wageni? Hiyo niachie, mwalimu."

Ubongo ulifika kwenye barafu, msafi kabisa. Nasambu akausaga, akauzungusha kwenye mashine, akauchuja, Jumatano na Alhamisi, na dawa yote ya maabara iliyokuwa imebaki ikaishia hapo.

Ijumaa wageni wakaingia chumbani pamoja na Bwana Ndungu wa ofisi yao ya Nairobi. Nasambu akawasha darubini. Kioo kikawa cheusi. Akasogeza huku, akasogeza kule. Hakuna kamba hata moja, vipande tu, kama makapi. Protini zilikuwepo, lakini hazikuwa na mahali pa kukanyaga.

"Tungoje kidogo," akasema.

Wakangoja. Mgeni mmoja akaangalia saa. Bwana Ndungu akamwambia polepole, "Dada, hawa wanaondoka kesho. Wameniambia niite watu wa kufungasha mashine waibebe."

Alipotoka nje akamkuta Javan mlangoni, amevaa koti la kanisani, ameshika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

"Mwalimu! Nimeleta supu ya kile kichwa. Ubongo waliuonaje?"

"Ubongo?"

"Si ulisema una wageni? Nilikibabua kwanza, nikakigeuza kwa moto mpaka ngozi ikawa nyeupe, ndiyo nikapasua. Unywele hata mmoja hawakupata, ama?"

Hapo ndipo Nasambu alipojua ni moto ulioua zile kamba.

"Hawakupata," akamjibu. "Walikula wote. Wamekushukuru sana."

"Ona sasa!" Javan akacheka, akampa sufuria.

"Kwa nini hukumwambia ukweli?" nikamuuliza.

"Nimwambie nini, kukhu? Kwamba aliwaheshimu wageni?"

Hata mimi ningekibabua.

"Wameshaibeba," akasema. "Nimeacha chumba na alama za miguu ya meza sakafuni. Tangu nikiwa msichana sijafanya kazi nyingine. Sasa naamka Jumatatu naenda wapi?"

Nikamwambia Mungu yupo. Nikaona nimesema kitu chepesi.

Aliacha maharagwe, akapanda kitanda changu na viatu vyake, akageukia ukutani. Alilia bila sauti, mabega yakitikisika. Nilimvua viatu, nikamfunika blanketi. Baadaye mabega yakatulia, akalala.