Tuliitwa Kuimba Kanisani

Jeska alilelewa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na huko ndiko alikojifunza kuimba. Aliporudi Burundi alikuta kanisa la mtaani kwao Bukirasazi halina kwaya, akaanzisha yake. Miaka kumi na mitatu baadaye kwaya hiyo ya watu tisa, wakulima wote, ikaalikwa Ufaransa, katika mji mdogo wa Saint-Aubry wenye monasteri ya zaidi ya miaka mia tisa. Wangeimba zaburi kanisani siku ya sikukuu ya monasteri.

Walifika Ijumaa. Jeska aliingia kanisani, akasimama kati ya nguzo na kuimba neno moja tu. Sauti ilipanda hadi kwenye dari la mawe, ikakaa huko, kisha ikamrudia taratibu. Akacheka peke yake kwa furaha.

Jioni mwenyeji wao, Madame Odile, alileta boksi lililojaa sketi za majani makavu. Mkalimani, Hamadi, Mwislamu wa Muyinga, Burundi, aliyehamia Ufaransa zamani, alitazama chini.

"Mama, anasema programu imebadilika. Ndani itaimba chorale yao, kwaya ya hapa. Nyinyi mutacheza inje, pale kwenye meza za divai. Na nguo iko hii."

"Nani kamwambia sisi tunavaa majani?"

"Na mi nimemuuliza. Anasema watalii wanapenda."

Kastori, mwenye sauti nzito kuliko wote, alimvuta Jeska pembeni. "Dada, tucheze tu yaishe. Wametulipia ndege."

"Kastori, mwaka mzima unatoka shambani unakuja mazoezini. Ulikuwa unajiandaa kuchezea watu wanaokunywa?"

Jeska akafunga boksi.

"Hamadi, mwambie hatuvai, na nje hatuchezi."

Madame Odile alijibu kwa maneno machache. Hamadi akatafsiri kwa sauti ndogo: "Anasema basi hamuimbi kabisa."

Jumapili, siku ya sikukuu, misa ilipokwisha, watu walitoka kwenda mezani, na mlango wa kanisa ukaachwa wazi kwa wageni. Watu tisa waliovaa vitenge vya bluu wakaingia, wakasimama mbele. Jeska akaanza zaburi kwa Kirundi.

Mlinzi alikuja mbio, kidole mdomoni. Jeska alimtazama usoni, akapandisha sauti. Wenzake wakafuata, na Kastori akaingia chini yao kwa sauti yake nzito, bila woga hata kidogo. Mlinzi alibaki hapo hapo, mikono imening'inia. Waliokuwa nje waliacha glasi zao, wakaja kujazana mlangoni. Madame Odile alitaka kupita, uso umewiva kwa hasira, lakini hakuna aliyempisha.

Waliimba beti zote, wakatoka kwa mstari.

Chakula cha mchana hawakupewa. Walikula mkate kwenye kituo cha treni, na Hamadi alikula nao, ingawa alijua hataitwa tena kutafsiri.

Malalamiko yalifika nyumbani Bukirasazi kabla yao. Padri wa kanisa lao akamwita Jeska.

"Mama, andika uombe radhi. Tutapoteza marafiki."

"Padri, niombe radhi kwa kosa gani? Walituita kuimba kanisani, tukaimba kanisani."

"Hawatawaalika tena."

"Najua," alisema Jeska, akasimama. "Uniwie radhi wewe, Padri, nawahi mazoezi. Kuna waimbaji wapya wanne."