Taa Nyekundu ya Alfons

Achim alipokwenda kutibiwa mgongo kwenye nyumba ya mapumziko, alimwachia mama mkwe wake, Gerlinde, kitu kimoja tu cha kuangalia: Alfons, kinyonga wa pembe tatu, aliyekaa ndani ya kizimba cha wavu kando ya dirisha la sebule. Kabla ya kuondoka alimshika mkono, kwa sababu mama huyo alikuwa na miguu mibovu, akamsogeza polepole mpaka mbele ya kizimba.

"Mama, hii taa ndefu ni badala ya jua. Bila hii mifupa yake inalainika. Hii ya mviringo ni ya kuota moto asubuhi. Akishapata joto anaondoka mwenyewe. Jioni zote mbili zinajizima. Wewe kazi yako ni kumpulizia maji na kumpa nzige. Na usiku, dirisha liache wazi kidogo."

"Wazi? Na baridi hii?"

"Katoka mlimani huyu, mama. Usiku anataka baridi. Asipoipata hapumziki."

Gerlinde akasema haya, amesikia. Moyoni alisema mengine. Alikuwa anamjua Achim. Ndiye aliyepita nyuma ya watu akizima taa, ndiye aliyepunguza joto la nyumba kila baada ya chakula cha jioni na kuwaambia watu wavae sweta. Leo hata mnyama wa Afrika alazwe kwenye baridi, eti ni wa mlimani! Kwa Gerlinde Afrika ilikuwa Afrika, jua tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu wa Nyeri, anayelala na mablanketi matatu, angemcheka mpaka akae chini.

Binti yake Heidrun, mke wa Achim, alikuwa mpishi kwenye meli za watalii mtoni, hakuwa nyumbani. Kwa hiyo Gerlinde alibaki na Alfons, na alasiri moja akaja jirani yake Traudl na keki ya plamu.

"Bibi wee!" Traudl alisema alipoambiwa kwamba usiku dirisha huachwa wazi. "Mnyama wa watu wa jua analala hivi? Mimi mwenyewe, na unene wote huu, nafunga."

"Umeme, Traudl. Mkwe wangu anabania umeme. Jua lenyewe lingekuwa na swichi, angelizima."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kitambaa. Gerlinde alizidi kusema. Alisimulia habari za sweta, akamwigiza Achim anavyotembea akiwa ameushika mgongo huku akitafuta taa ya kuzima. Traudl alikuwa anafuta machozi.

"Basi wewe mfunike hata na kitambaa, maskini."

"Nina kitu bora kuliko kitambaa," akasema Gerlinde.

Kwenye kabati la bafuni kulikuwa na taa nyekundu ya kutibia kwa joto. Kwao hakuna nyumba isiyo nayo. Mtoto akiumwa sikio anawekwa mbele yake, mtu mzima mafua yakimbana anausogeza uso karibu na kufumba macho. Gerlinde alimtibu Heidrun masikio kwa taa hiyo, na marehemu mumewe alikuwa akisinzia mbele yake kila majira ya baridi. Kama iliwafaa watu wake, kwa nini isimfae huyu?

Akailaza juu ya kizimba, ikaangalia chini. Kisha akaona tawi la Alfons liko mbali na joto, akalipandisha na kulifunga kwa uzi wa sufu wa bluu, ule aliokuwa akifumia soksi. Dirisha akalifunga. Kabla ya kwenda kulala alichungulia sebuleni, akaona wekundu mzuri umetanda kama jikoni kwa mama yake zamani, na moyo wake ukatulia. Ilikuwa muda mrefu hajahitajiwa na mtu katika nyumba ile. Hata vyombo walikuwa wanamkataza kuosha.

Asubuhi Alfons alikuwa amepauka kama majivu, mdomo wazi.

"Anacheka, Traudl!" alisema kwenye simu. "Naapa, anacheka!"

Kinyonga hacheki. Kinyonga akifungua mdomo namna ile anatafuta hewa, joto limemzidi. Lakini mtu aliyeridhika na wema wake ni mgumu wa kuona. Usiku uliofuata aliiwasha tena, na uliofuata, mpaka siku moja mchana alimkuta Alfons amefumba macho, ameshika tawi kwa mguu mmoja tu wa mbele. Kwenye uti wa mgongo, pale palipoelekea juu, ngozi ilikuwa nyeusi, imepasuka kama ganda la mkate.

Gerlinde aliichomoa taa. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kutafuta namba ya teksi, lilikuwa kuirudisha bafuni na kuificha nyuma ya taulo. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mnyama anakufa, na yeye anapanga taulo.

Daktari wa wanyama, Imhof, alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Alimgeuza Alfons taratibu chini ya mwanga.

"Ameunguzwa. Kuna taa iliwekwa karibu mno, tena kwa muda mrefu. Hawa hawahisi upesi kama sisi. Anakaa tu, anaungua. Nani aliipanga hiyo taa?"

Gerlinde aliangalia mkoba wake.

"Mkwe wangu," akasema. "Mnyama ni wake. Taa zote kapanga yeye."

"Basi akirudi aje. Nitazungumza naye."

Neno likishatoka limetoka. Njia nzima ya kurudi Gerlinde alimpakata Alfons ndani ya sanduku, akawa anajiambia kwamba hakusema uongo wote, maana kweli taa za Achim alizipanga Achim. Alipofika nyumbani alishindwa kula.

Alimuuguza vizuri, hilo lazima lisemwe. Alimpaka dawa kwa ncha ya pamba, akamdondoshea maji mdomoni, akafuata taa mbili zile kama alivyoambiwa, na usiku alifungua dirisha na kukaa karibu naye akiwa amejifunga shali. Traudl alipopiga simu, hakupokea.

Achim aliporudi, Gerlinde alimwambia mlangoni, "Alfons aliungua kidogo. Daktari kampa dawa. Anataka kukuona." Hakuongeza kitu. Achim alisimama mbele ya kizimba. Akaliona tawi lilivyopandishwa, akauona uzi wa bluu. Alama mbili za kitako cha taa zilikuwa zimebaki kwenye wavu. Halafu akaufungua uzi ule fundo baada ya fundo, ingawa mkasi ulikuwa karibu, akauviringa ukawa kidonge, akauweka ndani ya kikapu cha soksi cha Gerlinde.

"Umepata usingizi lakini, mama? Unaonekana umechoka."

Angemgombeza, ingekuwa nafuu.

Kesho yake walikwenda wote kwa daktari. Chumba cha kusubiri kilijaa watu na mbwa wao, na mlango wa ndani ulikuwa wazi. Daktari Imhof hakupandisha sauti, lakini kila mtu alisikia.

"Bwana, mnyama huyu ni wa milima ya baridi. Ukimfuga, kwanza ujue joto lake. Taa karibu hivyo juu ya kichwa chake, saa baada ya saa! Ungelala wewe chini yake?"

Achim alikuwa ameshika kofia yake.

"Hapana, daktari. Ni kosa. Halitarudiwa."

"Ataishi. Lakini mgongo huu hautakuwa kama zamani."

"Asante, daktari."

Mzee mmoja mwenye mbwa alitikisa kichwa akimtazama Achim walipopita. Achim akamfungulia mama mkwe wake mlango wa gari, akamwekea Alfons miguuni, akawasha injini.

"Ulijua," Gerlinde akasema.

"Nilijua, mama."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mbele za watu? Nikushitaki wewe?" Akaangalia kioo, akatoa gari. "Mimi nimezoea kuitwa bahili. Hili nalo litapita."

Kumbe hata hayo aliyajua. Gerlinde aliuhisi uso wake unawaka. Walivuka daraja.

"Geuza gari."

"Mama, watafunga sasa hivi..."

"Geuza, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Achim akageuza. Gerlinde aliingia peke yake, akishika viti kwa sababu ya miguu, mpaka katikati ya chumba cha kusubiri. Yule mzee wa mbwa alikuwa bado yupo. Daktari akatokeza.

"Umesahau kitu, mama?"

"Taa niliiweka mimi." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Mimi, siyo mkwe wangu. Yeye alinielekeza vizuri, mimi nikajiona najua zaidi. Na hapa nikamsingizia."

Mbwa mmoja alijikuna. Daktari Imhof alimtazama, kisha akavuta kiti, akakisogeza karibu naye.

"Kaa kwanza."

"Sitaki kukaa," akasema Gerlinde, machozi yakimdondokea kwenye kola ya koti. "Nataka unifundishe hizo taa. Tangu mwanzo. Safari hii nitasikiliza."