Inchi Sabini na Tano

Xaveri alikwenda Nachingwea kupeleka posa ya mwanawe Benedicto, akarudi na ugonjwa wa inchi. Posa ilipokelewa vizuri: kuku walichinjwa, binti alionekana, na wakwe wakakubali kuja Lindi Jumamosi ya pili kupaona nyumbani. Lakini aliposhuka garini hakusimulia lolote kati ya hayo. Alisimama katikati ya sebule ya mama yake, pale mtaa wa Mtanda, akaitazama runinga ndogo iliyokaa juu ya kabati la vyombo kama mtu anayetazama panya aliyekufa.

"Wale wana sitini na tano," alisema. "Ukutani. Sisi tuna haka kasahani."

Mdogo wake, Restuta, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimkata mama yao kucha. "Sitini na tano nini?"

"Inchi, mwalimu! Inchi! Mkwe ananiuliza mbele za watu, eti nyie Lindi TV mnatazamia wapi, kwa jirani?"

Restuta alifundisha fizikia sekondari, na kwa sababu hiyo ukoo mzima ulimwita kila palipohitajika kipimo: kukata mabati, kusoma dozi ya dawa, kukagua mizani msimu wa korosho. Hakushangaa alipoambiwa kwamba Jumatatu wataenda wote dukani akachague. Alichukua futi kamba, akapima. Kutoka kona ya ukuta hadi fremu ya dirisha, sentimita mia moja hamsini na mbili. Kutoka ukuta huo hadi kwenye kochi, mita mbili na robo. Akaandika. Dirisha hakulipima, kwa sababu dirisha halikuwa sehemu ya swali.

Penye dirisha hilo ndipo alipokaa mama yao, Bibi Fortunata. Kiharusi kilimpiga miaka miwili nyuma, kikachukua mguu na mkono wa kulia, kisha kikachukua maneno yote isipokuwa moja. Lililobaki lilikuwa "marahaba". Kwa nini hilo na si jingine, daktari hakujua, na Restuta alimheshimu kwa kutojifanya kwamba anajua. Alisema tu kwamba neno hilo litumike kila siku, mengine yatarudi au hayatarudi. Basi kiti chake cha magurudumu kikawekwa dirishani. Njia ya sokoni inapita hatua nne kutoka hapo, na mtu wa Mtanda hampiti mzee bila kumwamkia. Wanafunzi walipita, mama wa maandazi akapita, vijana wa bodaboda, watu waliotoka kuswali alasiri. Shikamoo, bibi. Marahaba. Jumanne moja Restuta alikaa na daftari akahesabu: kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, shikamoo arobaini na moja.

Mwezi wa sita likaongezeka neno la pili. Nassibu, muuza nazi wa Mchinga, alikuwa na mazoea ya kusimamisha baiskeli na kumtania bibi. "Marahaba nani? Mimi nani?" Aliuliza hivyo kila siku, miezi mingi, bila kujibiwa. Siku hiyo Bibi Fortunata alikunja uso, akasukuma midomo kama anayetema mbegu, akasema, "Marahaba... Sibu." Nassibu aliacha baiskeli ianguke, nazi zikabingirika mpaka mtaroni. Restuta hakulia. Aliandika tarehe.

Jumatatu wakaenda dukani kwa Ismael. Runinga zote za duka lile zilionyesha kitu kimoja: papai likikatwa polepole, utomvu ukichuruzika, kisha mdomo wa mwanamke ukiliuma. Papai lilikuwa na rangi ambayo hakuna papai limewahi kuwa nayo. Midomo ile, mara kumi na sita, ukutani kote, ikafunguka na kufumba.

"Karibu bosi, karibu mwalimu," Ismael alisema. Alinukia marashi matamu kama peremende. "Leo tunabeba ukuta mzima au nusu?"

"Tunabeba inayotutosha," Restuta alijibu.

"Kutosha!" Ismael alimgonga Xaveri begani. "Bosi, huyu dada ni mtawa? Kutosha ni neno la watawa."

Xaveri akacheka kuliko ilivyostahili.

"Hii inakula umeme kiasi gani?" Restuta aliuliza.

"Kidogo sana."

"Wati ngapi?"

"Kidogo mpaka utashangaa, mwalimu."

Aliligeuza boksi akasoma mwenyewe. Wati mia moja na tisini. "Na mtu akikaa pembeni, rangi inabaki?"

"Inabaki vilevile, wallahi."

Restuta alipiga hatua tatu kushoto. Papai likageuka kijivu, kama nyama iliyolala nje. Alirudi hatua tatu, akapiga tena tatu, ili Ismael aone kwamba ameona. Ismael alihamia kwa Xaveri.

Xaveri alikuwa amesimama mbele ya ile ya inchi sabini na tano, mdomo wazi kidogo. Ismael alimwekea kipindi cha mapishi. Mwanamume mmoja alikuwa anakula mguu wa mbuzi, na kila jino lake lilikuwa kubwa kama kifuniko cha chupa. Vinyweleo vya pua vilionekana. Mafuta yalimtiririka kidevuni kwa upana wa kidole. Xaveri aliyatazama meno hayo kwa mapenzi ambayo Restuta hakuwahi kumwona akimpa mtu.

"Kaka, sikiliza," Restuta alisema. "Kwa mita mbili na robo, hamsini na tano ndiyo saizi yake. Sitini na tano ni mwisho. Inaingia, inaacha sentimita saba. Hii haiingii. Upana wake ni mia sitini na saba. Ukuta ni mia hamsini na mbili, baada ya hapo ni dirisha. Imezidi kumi na tano."

"Kwa hiyo kinachozuia ni dirisha."

"Ni dirisha."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Xaveri akakuna shingo. "Sawa," alisema. "Nimekuelewa."

Restuta alitoka pale akiwa ametulia, kama mtu aliyeweka hesabu mezani na hesabu ikamfanyia kazi. Kesho yake alipanda kwenda shule ya Rondo, milimani, kusimamia mitihani.

Alirudi Ijumaa alasiri. Akiwa bado njiani aliutafuta uso wa mama yake dirishani, akakuta ukuta. Matofali ya inchi sita, yamepigwa plasta mbichi yenye rangi ya uji uliochacha. Dominick, fundi wa mtaa, alikuwa barazani akisuuza mwiko.

"Nani kakwambia uzibe?"

"Mzee Xaveri." Dominick alishangaa kuulizwa. "Kasema wewe ndiye uliyepima."

Ndani kulikuwa giza, na hewa ilinuka saruji na jasho. Runinga ilichukua ukuta kutoka kona hadi pale dirisha lilipokuwa, na ikamwaga mwanga wa buluu juu ya kila kitu. Bibi Fortunata aliwekwa ubavuni mwa kochi. Uso wake ulibadilika rangi kila picha ilipobadilika: buluu, nyekundu, buluu.

"Si ulisema kinachozuia ni dirisha?" Xaveri alisema, rimoti mkononi. "Nimefuata ushauri wa mtaalamu. Nilitaka nibakize nusu, lakini Ismael kasema mwanga ungepiga kioo."

"Mama alikuwa anazungumza pale."

"Anazungumza nini, Resti? Neno moja! Hapa sasa ana dunia nzima."

"Wifi, anapenda," alisema Theresia, mke wa Xaveri. "Hata hasinzii siku hizi."

Ni kweli hakuwa anasinzia. Macho yalikuwa wazi na hayakupepesa. Restuta alitoka nje, akabonyeza plasta kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha ukazama. Ina siku mbili tangu ipigwe, alikadiria, haizidi tatu. Kilichomchukiza zaidi ya vyote kilikuwa zile sentimita kumi na tano. Zilikuwa sahihi. Alikuwa amezipima mwenyewe na kumkabidhi.

Wakwe walifika Jumamosi saa tisa, watu saba, wakiongozwa na mama wa binti, Stefania, na mjomba wake, Tomaso. Walibisha hodi vizuri, wakavua viatu vizuri. Kisha waliinua macho, na adabu yao ikaishia pale pale mlangoni.

"Lo!" alisema Tomaso. "Hii ni ngapi?"

"Sabini na tano," Xaveri alijibu, kama mtu anayetaja jina la kifungua mimba wake.

"Mkwe, umetupiga bao!"

Waliketi wakitazama ukutani. Stefania aliuweka mkoba wake miguuni pa Bibi Fortunata kama miguuni pa meza. Pilau ikaletwa, wakala bila kutazama sahani. Punje zilidondoka mapajani na kwenye zulia jipya, vidole viling'aa mafuta, na kwenye kioo kulikuwa na watu wengine, wakubwa kuliko wao, nao wakila. Restuta, aliyesimama karibu na mlango, alihesabu. Watu saba. Shikamoo sifuri.

Kisha likaja tangazo la sabuni. Mtoto mnene mwenye povu kichwani aliinamia kamera, akaimba kwa sauti ya asali, "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba," alisema Bibi Fortunata.

Sebule nzima iligeuka. Ndipo walipomwona. Kicheko kilianza kwa Tomaso kikazunguka kochi zote.

"Anaongea na TV!" alisema Xaveri, uso ukimng'aa. "Ngojeni, hii inarudisha nyuma." Akabonyeza rimoti.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba."

Tomaso alipaliwa na wali. Binti mmoja alitoa simu arekodi. "Rudisha tena, baba, sijapata mwanzo."

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba."

Mara ya nne. Bibi Fortunata alifungua mdomo na sauti haikutoka. Mate yalishuka pembeni mwa mdomo. Aligeuza kichwa kuelekea pale dirisha lilipokuwa, akautazama ukuta, kisha akamtazama yule mtoto wa povu, kisha ukuta tena.

"Kachoka," alisema Xaveri. "Tumpe dakika mbili."

Restuta alitoa mkoba wa Stefania miguuni pa mama yake, akaachilia breki za kiti, akakisukuma katikati, kati ya wageni na kioo.

"Dada, unatuziba," alisema mmoja.

Barazani kulikuwa na jua na vumbi. Nassibu alikuwa anapita, akashuka kwenye baiskeli kwa kishindo.

"Kumbe mpo! Tangu Jumatano naamkia ukuta, watu wananiona chizi." Akachuchumaa mbele ya kiti. "Shikamoo, bibi!"

Bibi Fortunata aliutazama mdomo wake. Restuta alitazama saa. Sekunde ishirini na sita.

"Marahaba."

"Marahaba nani? Mimi nani?"

Hakujibu. Alikuwa anamtazama kama anayesubiri picha irudishwe nyuma.

"Bibi jamani, mimi Sibu." Nassibu alijaribu tena, taratibu, na safari hii utani ulikuwa umemtoka. "Sibu. Wa nazi."

Hakuna.

"Mshikie kiti," alisema Restuta.

Vifaa vya Dominick vilikuwa bado kwenye kona ya baraza. Alichagua nyundo na patasi. Alichagua pia tofali: upande wa mbali na runinga, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa. Kioo kilifungwa kwa boliti kwenye ukuta wa zamani. Hakitatikisika, na asingependa baadaye isemwe kwamba alikosa shabaha. Alizungusha patasi kwenye maungio. Saruji ilimeguka kama mkate wa juzi. Pigo la tatu tofali likalegea. La sita likaingia ndani, likaanguka kwenye zulia.

Kupitia tundu aliona matumbo, sahani na mikono yenye mafuta vikirudi nyuma kwa pamoja. Kisha uso wa Xaveri ukainama, umejaa vumbi.

"Umerukwa na akili? Mbele ya wakwe!"

"Wakwe wako saba," Restuta alisema. "Wameingia saa tisa, sasa ni saa kumi na dakika ishirini. Hakuna hata mmoja aliyemwamkia mama. Waambie waje hapa, mmoja mmoja, wainame."

"Resti, nakuomba..."

"Na uzime hilo lidude. Mama hasikii."

Xaveri hakuondoka tunduni. Nyuma yake yule mtoto wa sabuni alianza kuimba upya, akafika katikati ya salamu, akazimwa. Ndani mtu mmoja akajisafisha koo.

Restuta alikisogeza kiti mpaka goti la mama yake likagusa plasta mbichi. Xaveri aliondoka, ukaja uso wa Stefania, poda yake imepasuliwa na jasho. Ilibidi akunje mgongo na kushika ukuta kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bibi Fortunata alitazama mdomo ule. Nassibu alikishika kiti kwa nguvu, ingawa hakikuwa kinakwenda popote. Restuta aliweka nyundo chini, akapangusa kioo cha saa yake, akaanza kuhesabu.